Kuziba fuvu baada ya upasuaji wa ubongo: wakati ufaao na hatari zake

Mfanyakazi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mjini Doha, au aliyegongwa akiwa juu ya pikipiki ya kupeleka chakula, anaweza kuokolewa maisha kwa kuondolewa kipande cha mfupa wa fuvu la kichwa. Upasuaji huo ni wa saa chache. Kinachofuata, yaani kurudisha mfupa ule au kuweka kitu kingine badala yake, husubiriwa kwa majuma au miezi.

Kwa mgeni aliye mbali na jamaa zake, miezi hiyo huenda sambamba na tarehe nyingine: likizo ya ugonjwa, mkataba wa kazi na tiketi ya ndege. Makala haya yanaeleza kwa nini mfupa huondolewa, ni lini hurudishwa, matatizo yanayoweza kutokea, na mambo ambayo mgonjwa wa Afrika Mashariki aliyeko Ghuba na familia yake hawana budi kuyajua kabla ya kufunga safari ya kurudi nyumbani.

Kwa nini mfupa huondolewa

Fuvu la mtu mzima ni kama sanduku lisilotanuka. Ubongo ukivimba baada ya pigo, au damu ikivujia ndani, shinikizo hupanda na mishipa ya damu hubanwa. Sehemu za ubongo ambazo hazikuumia nazo huanza kufa kwa kukosa damu.

Madaktari huanza kwa dawa za kupunguza uvimbe, mashine ya kupumulia na usingizi mzito katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hayo yakishindwa, daktari bingwa huondoa kipande kikubwa cha mfupa, ambacho kwa mtu mzima aghalabu huwa na upana wa sentimita 12 au zaidi, ili ubongo upate nafasi. Ngozi hushonwa juu yake bila mfupa. Upasuaji huo hufanywa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi kikubwa.

Faida yake imepimwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 408 wenye shinikizo lililokataa kushuka kwa tiba nyingine, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki asilimia 26.9 ya waliopasuliwa, ikilinganishwa na asilimia 48.9 ya wale walioendelea na dawa. Hata hivyo, miongoni mwa walionusurika kwa upasuaji wamo wengi zaidi waliobaki na ulemavu mkubwa.

Utafiti wa awali uliochapishwa mwaka 2011, wenye wagonjwa 155 wa Australia, New Zealand na Saudi Arabia, ulionyesha kuwa kuharakisha upasuaji huo kabla shinikizo halijawa kubwa mno hakukuwapa wagonjwa matokeo bora. Mwaka 2023 utafiti mwingine, wa wagonjwa 450 wenye damu iliyoganda chini ya utando wa ubongo, ulionyesha kuwa pale inapowezekana kurudisha mfupa siku ile ile bila kuubana ubongo, mgonjwa hapati hasara kwa kurudishiwa. Maana yake ni kwamba si kila anayefunguliwa fuvu hulazimika kuishi bila mfupa. Makala haya yanawahusu wale ambao hapakuwa na njia nyingine.

Doha na watu wake

Nchini Qatar karibu wakaazi tisa kati ya kumi ni wageni. Wakenya, Waganda na Watanzania ni walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa nyumbani, mafundi wa ujenzi na wapelekaji wa chakula kwa pikipiki. Majeruhi wengi wa hali mbaya hupelekwa katika Hospitali Kuu ya Hamad mjini Doha, iliyofunguliwa mwaka 1982, ambako kuna kituo cha taifa cha kutibu majeruhi na kitengo cha upasuaji wa ubongo.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu ajali za kazini nchini humo. Ripoti hiyo ilieleza kwamba katika mwaka 2020 wafanyakazi 50 walifariki, zaidi ya 500 waliumia vibaya, na 37,600 walipata majeraha madogo na ya wastani. Kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa, na hizo ndizo ajali zinazoumiza vichwa.

Maisha bila mfupa

Anayetoka hospitali bila kipande cha fuvu huwa na sehemu laini kichwani inayopanda na kushuka. Anapokohoa huvimba; anaposimama hubonyea. Pigo dogo ambalo mwingine angelisahau laweza kuuumiza ubongo wake, kwa hiyo huvaa kofia ngumu anapotembea. Hawezi kulalia upande ule, na kazi ya kupanda ngazi, kuendesha chombo au kubeba mizigo haimfai.

Kuna tatizo jingine, lisilojulikana sana na familia. Majuma au miezi kadhaa baada ya upasuaji, mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu huanza kurudi nyuma: kichwa humuuma, hupata kizunguzungu, mkono au mguu hulegea, maneno humpotea, na hali huwa mbaya zaidi anaposimama kuliko anapolala. Hali hiyo ilielezwa na madaktari wa Marekani tangu mwaka 1939. Chanzo chake ni uzito wa hewa ya nje unaoikandamiza ngozi isiyo na mfupa, pamoja na mabadiliko ya mwendo wa damu na wa majimaji ya ubongo.

Tiba yake ni kuziba fuvu. Wako wagonjwa wanaoanza kupata nafuu siku chache tu baada ya kuzibwa. Ndiyo sababu upasuaji wa pili hauhesabiwi kuwa wa urembo: ni sehemu ya kuutibu ubongo wenyewe, na mazoezi ya viungo mara nyingi huleta tija zaidi baada yake.

Mfupa huhifadhiwa wapi

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuufunga mfupa katika vifuko safi na kuuweka kwenye jokufu maalumu lenye baridi ya nyuzi 70 hadi 80 chini ya sifuri. Njia hii haimwongezei mgonjwa jeraha, lakini inahitaji umeme usiokatika, kumbukumbu sahihi, na hospitali ambayo mgonjwa atairudia.

Njia ya pili ni kuufukia mfupa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Huacha kovu la pili, na pengine sehemu hiyo huingia vijidudu au mfupa hupungua. Lakini hauhitaji umeme, na popote aendapo mwenyewe, mfupa wake upo naye.

Mfupa ukiwa umevunjika vipande vingi, umechafuka kwa udongo au umepotea, hutumika kitu kingine. Titani ni madini mepesi na imara. Saruji ya akriliki ni nafuu na hukandwa hapo hapo chumba cha upasuaji, ingawa hutoa joto inapokauka. Kuna pia plastiki ngumu iitwayo PEEK, inayochongwa kwa kompyuta kufuata picha ya CT ya mgonjwa. Hulingana vyema na fuvu, lakini bei yake ni kubwa. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe hauna gharama ya kununua, na umbo lake ni lile lile alilozaliwa nalo.

Mapema au baadaye?

Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kusubiri miezi 3 hadi 6, na pengine zaidi kama kidonda kiliwahi kuingia usaha. Hoja ilikuwa kwamba uvimbe uishe, kidonda kipone kabisa na vijidudu vyote vife.

Desturi hiyo imepunguziwa nguvu. Katika tamko la pamoja lililochapishwa mwaka 2021, wataalamu wa nchi mbalimbali waligawa muda huo katika makundi manne: mapema sana, yaani ndani ya majuma 6, mapema, kati ya majuma 6 na miezi 3, muda wa kati, miezi 3 hadi 6, na kuchelewa, baada ya miezi 6.

Anayetibiwa mapema ana faida kadhaa. Ngozi haijagandamana sana na utando wa ubongo, hivyo daktari huitenganisha kwa urahisi. Kurudi nyuma kulikoelezwa hapo juu huzuiwa, mazoezi huanza upesi, na uchambuzi wa tafiti kadhaa unaelekea kuonyesha kuwa uwezo wa akili na viungo hurejea vizuri zaidi. Upande wa pili ni kwamba ubongo huenda bado umevimba, na baadhi ya tafiti zimehusisha haraka hiyo na maji kujaa kichwani.

Anayechelewa hupewa muda wa kidonda kupona, lakini kovu hukakamaa, kufungua ngozi huwa na damu nyingi zaidi, na mgonjwa huishi muda mrefu akiwa hatarini.

Kuhusu maambukizi, tafiti hazikubaliani, na nyingi hazikutofautisha sana kati ya waliowahishwa na waliocheleweshwa. Msomaji atambue jambo moja: tafiti hizi nyingi ziliangalia kumbukumbu za nyuma. Wanaorudishiwa mfupa mapema aghalabu ni wale ambao tangu awali hali yao ilikuwa njema, na wanaocheleweshwa ni wale waliokuwa na usaha au homa. Hivyo si rahisi kusema ni muda ulioleta matokeo au ni hali ya mgonjwa.

Kutokana na hayo, jibu la madaktari wengi leo si tarehe ya kalenda, bali ni masharti. Ngozi iwe imepona bila usaha. Picha ya CT ionyeshe kuwa uvimbe umekwisha. Maji yasiwe yamejaa kichwani, au yawe yamewekewa mrija wa kuyatoa. Homa iwe imeondoka, na lishe na sukari ya damu ziwe sawa. Masharti hayo yakitimia katika juma la 8, hakuna sababu ya kitabibu ya kungoja mwezi wa 6.

Matatizo yanayotokea

Upasuaji wa kuziba fuvu huonekana mwepesi kwa kuwa hauugusi ubongo wenyewe. Ukweli ni kwamba ripoti za hospitali mbalimbali hutaja matatizo kwa mgonjwa 1 hadi 4 kati ya kila 10.

Maambukizi ndiyo yanayoogopwa zaidi. Dalili ni wekundu, joto, maji au usaha kutoka kwenye kovu, na homa. Mara nyingi mfupa au bamba hulazimika kutolewa, mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu kwa majuma kadhaa, kisha hungoja miezi mingine kabla ya kujaribu tena.

Damu huweza kukusanyika chini ya mfupa uliorudishwa katika saa au siku za kwanza. Dalili ni kichwa kuuma kupita kiasi, kutapika na usingizi usio wa kawaida, na hiyo ni dharura. Degedege nayo huweza kutokea, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe huweza kulika polepole. Mwili huumeng'enya, skrubu hulegea na bonde hutokea tena kichwani. Hutokea zaidi kwa watoto na kwa mifupa iliyovunjika vipande vipande, na hugunduliwa baada ya miezi mingi. Bamba la kutengenezwa haliliki, lakini ngozi iliyo nyembamba huweza kuchanika juu yake.

Kwa nadra sana, ubongo huvimba ghafla mara baada ya fuvu kuzibwa, na mgonjwa hufariki. Kwa sababu hiyo mgonjwa haruhusiwi kutoka siku ile ile, hata kama ameamka akizungumza.

Majuma kumi na mawili

Hapa ndipo muda wa tiba unapokutana na muda wa sheria. Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 3 kazini likizo ya ugonjwa yenye mshahara kamili kwa majuma 2, kisha nusu mshahara kwa majuma 4. Baada ya hapo likizo ni bila malipo. Mwishoni mwa juma la 12, ripoti ya daktari ikionyesha kuwa hawezi kurudi kazini, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha kazi.

Majuma 12 ni miezi 3 isiyotimia. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyepangiwa kurudishiwa mfupa katika mwezi wa 4 au wa 5, kwa desturi ya zamani, anaweza kujikuta hana kazi kabla siku yake haijafika, ilhali kibali chake cha ukaazi kimefungamana na kazi hiyo.

Kifungu hicho ni cha ugonjwa wa kawaida. Aliyeumia kazini, au akiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, ana kifungu kingine: mwajiri hugharimia matibabu, mshahara hulipwa kamili wakati wa matibabu hadi kufikia miezi 6, na yakizidi hapo hulipwa nusu mpaka apone au ulemavu uthibitishwe. Mwajiri anatakiwa pia kuwaarifu polisi na wizara ya kazi kuhusu ajali hiyo.

Kwa hiyo neno litakaloandikwa kwenye karatasi za siku ya kwanza, "ajali ya kazini" au "ugonjwa", lina uzito mkubwa. Majeruhi wa kichwa mara nyingi hawezi kujisemea siku hiyo. Ni wenzake wa chumbani, ndugu na ubalozi wa nchi yake wanaopaswa kuhakikisha kuwa taarifa imeandikwa kama ilivyotokea. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, namba 15 ya mwaka 2017.

Kurudi nyumbani

Familia nyingi hutamani mgonjwa arudi haraka, na tamaa hiyo inaeleweka. Mama anataka kumwona mwanawe. Lakini mfupa ukiwa kwenye jokufu la hospitali ya ugenini, kuondoka ni kuuacha. Haubebwi mkobani kama dawa: unahitaji kubaki kwenye baridi kali njia nzima, na hospitali ya kuupokea iliyo tayari na yenye vyeti vyake. Ukiachwa, nyumbani italazimika kununuliwa titani, akriliki au PEEK.

Safari ya ndege nayo ina sharti lake. Hewa iliyobaki ndani ya fuvu baada ya upasuaji hutanuka ndege inapopaa, kwa kuwa shinikizo la ndani ya ndege hulingana na la mlima wa mita 2,000 hivi. Daktari ndiye anayeamua, kwa kutazama picha, kuwa hewa hiyo imekwisha.

Afrika Mashariki si jangwa la utaalamu huu. Upasuaji wa ubongo hufanywa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, Hospitali ya Moi mjini Eldoret, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, Mnazi Mmoja mjini Zanzibar na Mulago mjini Kampala. Tena kufungua fuvu si jambo geni katika eneo hili. Miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, waganga waitwao ababari waliwakwangua mfupa watu walioumwa kichwa baada ya pigo, na kazi yao iliandikwa na madaktari katika karne ya 20. Mfupa ulikwisha kwa kukwanguliwa, hivyo hapakuwa na kipande cha kurudisha.

Upungufu wa leo ni wa foleni, vitanda vya wagonjwa mahututi na fedha za bamba. Aliyekaa Ghuba miaka mingi huenda pia hana bima nyumbani. Nchini Kenya, kwa mfano, mfuko wa NHIF ulipisha mamlaka mpya ya SHA mwezi Oktoba 2024, na aliyekuwa nje anahitaji kujiandikisha upya.

Maswali kabla ya kuondoka

Mgonjwa, au anayemsimamia, aulize na aandikiwe majibu ya mambo haya:

Mfupa uko wapi: kwenye jokufu, tumboni, au ulitupwa? Kama upo, utahifadhiwa hadi lini?

Ni masharti gani hayajatimia ili urudishwe, na yatapimwa tena tarehe ipi? Je, inawezekana kuurudisha kabla ya kusafiri?

Ajali imeandikwa kuwa ya kazini? Namba ya taarifa ya polisi ni ipi?

Picha za CT ziko kwenye diski? Picha kamili za kompyuta, wala si karatasi ya maelezo peke yake, ndizo zinazowezesha bamba kuchongwa Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko bila kuanza upya.

Ripoti ya upasuaji inataja dawa za degedege anazotumia, vijidudu vilivyowahi kupatikana kwenye kidonda, na mrija kama upo?

Ni hospitali gani nyumbani imekubali kumpokea, na nani amezungumza nayo?

Atakapofika, mgonjwa apelekwe kliniki ya upasuaji wa ubongo katika juma la kwanza, hata kama anaonekana mzima. Sehemu isiyo na mfupa isikandwe, isichanjwe wala isipakwe dawa. Ikibonyea sana, ikivimba na kuwa ngumu, ikitoa maji, au mgonjwa akianza kusinzia mchana na kusahau majina ya watoto wake, asingojewe hadi siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na diski ya picha zake iwe mkononi.